Upande wa Siwatu

Paa langu lina mgongo mmoja.
Fundi aliyeliezeka, mwaka ule wa haraka,
alilaza bati zote kuelekea kwa jirani,
akaondoka na chenji yangu.

Basi kila masika, hapa Kitunda,
mvua iliyoninyeshea mimi ilitua kwa Siwatu.
Ilimchimbia mtaro chini ya dirisha,
ikamng'olea mchicha,
ikamwamsha usiku wa manane kama mdai.
Asubuhi anasimama mpakani, kanga kiunoni:
"Chukua mvua yako," anasema,
"mimi ninayo yangu."

Miaka miwili hatukuombana chumvi.

Na mimi ndani nahesabu madumu.
Guta likipita, dumu mia tano;
Januari likipita, elfu, na mwenye guta hakutazami usoni.
Bomba la mtaa linakohoa upepo siku nzima,
likitema maji, umelala.
Kisima cha jirani wa tatu kina chumvi:
sabuni inateleza tu, povu hakuna,
chai ya maziwa inakatika sufuriani.
Ujinga huo! Nanunua maji kwa kikombe
na mali yangu inamwagika kwa mwenzangu,
kwa kishindo, watu wote wanasikia.

Aliyenifumbua macho ni Kondo,
alikuja kuziba tundu moja la msumari.
Akakaa juu ya paa kitambo, kimya,
nikadhani jua limempiga.
Akashuka, akaokota mkaa jikoni,
akaandika ukutani, mita kumi na moja kwa sita:
"Mvua ikilala kina cha kidole kimoja,
bati hili linakupa madumu hamsini.
Haya, yavujevuje, sema arobaini.
Nani mwingine anakupa arobaini bure?"

Lakini gata lingening'inia juu ya uwanja wa Siwatu,
na ngazi iegemee ukuta wake.
Nikaenda kupiga hodi.
Maneno sikuwa nayo. Nilikuwa na pakiti ya chumvi.
Akaitazama. Akanitazama.
"Ngazi isinikanyagie mchicha."
Basi.

Vuli ilipobisha, Kondo alituzuia:
mvua ya kwanza ni ya kunguru, waachieni.
Bomba la pembeni likatapika
vumbi la miezi mitano, majani ya mwarobaini,
kinyesi, manyoya,
na kandambili ya mtoto, ya kushoto,
aliyokwisha kuchapwa kwa kuipoteza.
Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi,
kisha chai iliyoongezwa maji,
kisha hayakuwa na rangi ya kutaja.
Ndipo akageuza koki. Tangi likaanza kuimeza mvua,
mdomo wake umefungwa chandarua,
limesimama pale pale palipokuwa mtaro.

Asubuhi Siwatu ana macho mekundu.
"Sikulala," akasema. "Kimya kile kimenitisha."

Maji ya kunywa tunachemsha, hatudanganyani.
Ila maharage yanaiva kabla ya adhana ya adhuhuri,
na povu, jamani, povu
linapanda mpaka viwikoni,
watoto wanajifanyia ndevu.

Sasa ni Januari. Guta limerudi na bei yake.
Tangi lina koki mbili,
moja imeelekea kwangu, moja kwake;
hatukuandikishana popote.
Kupima ni kwa kugonga, kuanzia juu kushuka,
kwa kifundo cha kidole, kama mgeni mlangoni:
hamna,
hamna,
hamna,
halafu sauti inanenepa. Yupo.

Alfajiri hii nimemsikia anagonga upande wake.
Nimelala, nahesabu.
Hodi nne tupu, ya tano nzito.
Leo tutafua sare za shule.
Mashuka yasubiri.